Nikazie wapi ninapounda mhusika wangu?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Napenda sana magemu ya ulimwengu wa kubuni, yale ya majoka na uchawi, lakini kila ninapoanza jipya hukwama kwenye ukurasa wa kuunda mhusika. Natumia hata saa mbili kwenye pua na macho, kisha gemu likianza namkuta mtu mwingine kabisa. Uso umejaa vivuli, rangi si ile niliyochagua, na muda si mrefu amefunikwa helmeti. Nikazie wapi hasa? Na je, umbo ninalochagua linagusa uwezo wa mhusika au ni pambo tu? Nikilichoka katikati ya safari nifanyeje?

Jibu: Salama kabisa, ndugu yangu. Naanza na hilo la uso kugeuka, maana ndilo linalokula muda wako.

Ukurasa wa kuunda mhusika ni studio ya kupigia picha. Taa zimepangwa zimulike uso, kamera imesogezwa karibu, na mhusika ametulia tuli: haongei, hacheki, hakunji uso kwa maumivu. Ukishabonyeza kitufe cha kuthibitisha, vyote hivyo vinaondoka. Kamera inahamia nyuma ya mgongo wake, hatua kadhaa mbali, na taa inakuwa jua, mwezi, mwenge au moto wa kambi. Uso ni uleule na namba ni zilezile, ila sasa hakuna aliyepanga mwanga kwa ajili yake.

Chukua kitelezi kimoja tu, yaani kile kitufe unachokivuta kushoto na kulia kubadilisha kipimo; tuseme cha kusogeza mfupa wa nyusi mbele. Kwenye menyu, mwanga unatoka mbele, kwa hiyo ukisogeza kidogo unapata mtu mwenye sura kali, na unapendezwa. Mpeleke mtu huyohuyo nje saa sita mchana. Jua liko utosini, mfupa ule uliousogeza unaangusha kivuli juu ya macho, na rangi ya macho uliyoihangaikia haionekani tena. Unaona mashimo mawili meusi. Mambo ni hayohayo kwa mifupa ya mashavu iliyochomoza mno: kwenye menyu inampa mhusika umaridadi, chini ya mwenge wa pangoni anaonekana mgonjwa. Vitelezi vinavyotokeza au kudidimiza kitu usoni ndivyo vinavyosaliti zaidi mwanga ukibadilika. Vile vya upana na urefu, kama upana wa taya au umbali kati ya macho, vinavumilia mwanga wowote.

Watengenezaji wenyewe wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 ilikuwa na ukurasa wenye mwanga wa kijani, na wachezaji wengi walilalamika kwamba hawakuweza kukadiria rangi ya ngozi wala ya nywele. Toleo lililofuata, Dragon Age: The Veilguard la 2024, likaja na kitufe cha kubadilisha mazingira ya mwanga ukiwa bado unaunda, ili umwone mhusika katika hali tofauti kabla hujaamua. Ukikutana na kitufe cha namna hiyo katika gemu lolote, kitumie kabla ya kugusa kitelezi hata kimoja. Tafuta mwanga mbaya kuliko yote, muundie mhusika humo, kisha mpitishe kwenye mingine. Uso unaopendeza kwenye mwanga mbaya hautakuangusha kwenye mzuri.

Kama kitufe hicho hakipo, fanya hivi. Tumia dakika kumi na tano au ishirini kuunda rasimu. Piga picha ya skrini za vitelezi, ingia kwenye gemu, cheza hadi utoke nje penye mwanga wa mchana na hadi upate mazungumzo ya kwanza ambayo kamera inamsogelea mhusika wako. Mwangalie anapoongea. Mzungushie kamera. Halafu rudi mwanzo urekebishe mambo mawili matatu yaliyokukera. Magemu mengine yanakurahisishia kazi hiyo. The Elder Scrolls IV: Oblivion ya 2006 inakuanzisha gerezani, unapita kwenye mifereji ya chini ya ardhi, na ukifika mlango wa mwisho wa kutokea unaulizwa kama unataka kubadilisha jamii (yaani aina ya kiumbe), kazi au nyota ya kuzaliwa. Hifadhi mchezo hapo mlangoni, toka nje, umtazame mhusika juani, na usiporidhika fungua ulipohifadhi. Hutapoteza kitu zaidi ya dakika mbili.

Sasa nikueleze kitelezi kinafanya nini hasa, kwa sababu bila kulijua hilo utaendelea kuvuruga nyuso nzuri. Kichwa cha mhusika ni wavu wa maelfu ya nukta. Msanii ametengeneza kichwa cha kawaida, halafu akatengeneza nakala zake: moja yenye pua pana, moja yenye pua nyembamba, moja yenye kidevu kirefu, na kuendelea. Ukisogeza kitelezi cha pua kutoka sifuri kwenda juu, kompyuta inahamisha kila nukta ya pua kutoka ilipo kwenye kichwa cha kawaida kuelekea ilipo kwenye ile nakala. Vitelezi vingine havitumii nakala, vinavuta mifupa iliyofichwa ndani ya kichwa, ileile inayotumika kumfanya mhusika atabasamu. Ndiyo maana uso mzima unaweza kuhifadhiwa kama safu ya namba tu. Elden Ring, kwa mfano, inahesabu kila kitelezi kutoka 0 hadi 255, na wachezaji wanapeana nyuso kwa kuandikiana namba hizo. Nioh 2 ya 2020 imekwenda mbele zaidi: inatoa msimbo mmoja ambao ukiuingiza unapata uso mzima wa mtu mwingine.

Tatizo ni kwamba marekebisho hayo yanajumlishwa. Ukipanua mdomo, ukautokeza mbele, ukanenepesha na midomo, nukta za eneo lileile zimesukumwa mara tatu, na hakuna msanii aliyewahi kuuona mchanganyiko wako. Uso ukiwa umetulia unaonekana sawa. Mhusika akianza kuongea, midomo inapishana, meno yanatokeza shavuni, kope hazifungi sawasawa. Oblivion ilikuwa na ugumu wake wa ziada. Ilitumia teknolojia ya FaceGen, ambayo vitelezi vyake vimeunganishwa, ukigusa kimoja vingine vinasogea navyo. Wachezaji wengi walimaliza na nyuso za ajabu bila kujua walipokosea, na lawama hazikuwa zao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kazi ni huu. Anza na sura ya tayari iliyo karibu na unayemtaka, kisha punguza au ongeza. Sura za tayari zimechongwa na wasanii na zimejaribiwa zikiongea, na hakuna aibu yoyote kuzitegemea. Rekebisha makubwa kwanza: upana wa kichwa, taya, paji la uso, umbali wa macho. Fanya hayo ukimtazama kutoka upande, kwa sababu watu wengi hutazama mbele tu, halafu wanashangaa kumkuta mhusika hana kidevu anapogeuka. Usikifikishe kitelezi mwisho wake isipokuwa unataka kituko. Ukihisi unahitaji kufika mwisho, kuna uwezekano mkubwa kwamba ulichagua sura ya tayari isiyokufaa.

Baldur's Gate 3 ya 2023 iliamua kuviacha vitelezi vya uso kabisa. Unachagua kichwa kimoja kati ya vilivyopo kwa jamii yako, kisha unaweka nywele, rangi, makovu, vipodozi, tatuu, hata baka la ngozi na macho ya rangi mbili tofauti. Wapo walioona ni ubahili. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi kwa gemu lile, kwa sababu mhusika wako anaonekana karibu sana katika mazungumzo mengi mno, na kichwa kilichochongwa na kukamilishwa kinaonyesha hisia vizuri kuliko kilichovutwavutwa na vitelezi arobaini. Wingi wa vitelezi haunishawishi. Black Desert Online imesifiwa tangu ilipotoka Korea kwa uwezo wake wa kurekebisha uso na mwili, na sifa hiyo inastahili, hata hivyo katika gemu lile kila klasi, yaani aina ya mpiganaji, ina jinsia yake. Unaweza kuchonga kila kipande cha uso, ila huwezi kuchagua klasi ile uipendayo ukabadilisha na jinsia.

Nimelikalia suala la uso, na bado sijakwambia ukazie wapi. Hesabu mwenyewe muda. Katika Elden Ring, au Skyrim ukiiweka kamera nyuma ya mhusika, sehemu kubwa ya safari unamtazama kwa nyuma. Unaona visogo, mabega, nywele, joho, mwendo, na rangi ya mavazi. Uso unauona ukiamua kuzungusha kamera. Kama ningepewa saa yako moja niigawe, nusu ningeiweka kwenye vitu vinavyoonekana kutoka nyuma na kwa mbali: urefu, upana wa mabega, mtindo wa nywele, na rangi ya nywele ikilinganishwa na rangi ya mavazi. Mtu mwenye nywele nyeupe anaonekana vizuri gizani, mwenye nywele nyeusi na deraya nyeusi anapotea usiku, na katika mapigano yenye watu wengi utamtafuta kwa macho. Sauti nayo usiiruke. Baldur's Gate 3 inakupa sauti kadhaa za kuchagua, na utasikia ile moja kila unapobofya mhusika kwa makumi ya saa. Isikilize mara kadhaa, siyo mara moja.

Nywele zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndizo zinazoangusha magemu mengi. Kwa miaka mingi nywele za wahusika zimetengenezwa kwa vipande bapa vilivyopakwa picha ya nyuzi, vikapangwa kama vigae juu ya kichwa. Njia hiyo inafaa nywele zinazoning'inia. Nywele za kipilipili hazining'inii. Kila unywele unajisokota na kushikana na wenzake, na vipande bapa haviwezi kuonyesha hilo. Matokeo yake ni ule mtindo mmoja wa afro unaofanana na kofia, au misuko iliyochorwa tu juu ya ngozi ya kichwa bila unene. Hili si jambo dogo kwa mchezaji anayetaka mhusika afanane naye. Hali imebadilika, polepole. World of Warcraft, iliyotoka 2004, ilisubiri hadi nyongeza yake ya Shadowlands mwaka 2020 ndipo binadamu wake wakapata rangi nyingi zaidi za ngozi na mitindo ya nywele inayoendana nazo. The Veilguard inachora nywele unyweleunywele, maelfu kwa maelfu, na tofauti unaiona mara mhusika anapogeuza kichwa. Na mwaka 2024 watafiti wakiwemo Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale na A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walichapisha njia za kihesabu za kuchora nywele zilizojisokota sana, kazi ambayo sehemu kubwa ya utafiti wa nywele kwenye kompyuta ilikuwa imeiruka.

Ukichagua nywele, zijaribu na kofia kama ukurasa unaruhusu. Nywele ndefu na deraya yenye kola ndefu hazipatani, zinapenya ndani ya chuma. Pembe na masikio marefu yana tatizo hilohilo, na mara nyingi gemu linaamua kuficha kimoja. Katika Final Fantasy XIV, jamii za Viera na Hrothgar zimeishi miaka na kofia nyingi zisizoonekana vichwani mwao kwa sababu ya masikio hayo. Kuna wanaozipenda jamii hizo kiasi cha kusamehe. Wewe jua tu kabla hujachagua.

Rangi ya ngozi nayo inahitaji mtihani wa mwanga, hasa ngozi nyeusi. Ngozi halisi inang'aa kwa namna yake, na gemu likitumia mng'ao uleule uliopimwa kwa ngozi nyeupe, ngozi nyeusi inatoka ya kijivu kana kwamba imepakwa majivu, au inameza umbo lote la uso gizani. Ukiona hivyo kwenye mwanga wa nje, usihamie ngozi nyeupe zaidi kwanza. Jaribu rangi ya jirani yenye wekundu au unjano kidogo ndani yake. Mara nyingi tatizo ni ukijivu wa ile rangi uliyochagua, wala siyo weusi wake. Makovu na rangi za vita vinasaidia pia, kwa sababu vinaipa ngozi kitu cha kunasa mwanga. Skyrim ina rangi nyingi za vita, na mstari mmoja mweupe shavuni unaonekana kutoka mbali kuliko kazi yote uliyoifanya puani.

Kuhusu helmeti, jibu linategemea gemu. Dragon Age: Inquisition, The Veilguard, Baldur's Gate 3, Final Fantasy XIV na World of Warcraft zote zina njia ya kuficha kofia isionekane huku kinga yake ikibaki. Tafuta mpangilio huo kwenye menyu siku ya kwanza. Skyrim na Elden Ring hazina. Ukiivua kofia umeivua kweli, na kinga imekwenda nayo. Katika magemu ya aina hiyo ya pili, uso upe muda mfupi, mwili na mavazi upe zaidi. World of Warcraft ilianzisha mwaka 2011 utaratibu wa kulivika deraya lenye nguvu sura ya deraya jingine unalolipenda, na Final Fantasy XIV ina mfumo wake wa aina hiyo, wenye rangi za kupaka nguo. Wachezaji wa magemu hayo mawili wanatumia muda mwingi kwenye mavazi kuliko walivyowahi kutumia usoni, na wako sahihi.

Swali lako la pili, kama umbo linagusa uwezo. Pua, macho na nywele haviongezi nguvu wala kuipunguza. Jamii ndiyo yenye uzito, na katika baadhi ya magemu, urefu na uzito wa mwili. Skyrim ina jamii kumi, na tofauti zake ni za kweli hasa mwanzoni: Nord anapunguza nusu ya madhara ya baridi, Breton anapunguza robo ya madhara ya uchawi, High Elf anaanza na pointi 50 za ziada za nguvu ya uchawi, na Orc mara moja kwa siku anapandwa na hasira inayomfanya, kwa sekunde 60, apige maradufu na kuumia nusu. Katika Baldur's Gate 3, jamii fupi za Dwarf, Halfling na Gnome zinatembea mita 7.5 kwa zamu, binadamu mita 9, Wood Elf mita 10.5. Ukiwa mpiganaji wa upanga anayetakiwa kumfikia adui, mita tatu hizo zinaamua kama utapiga au utasimama njiani ukilengwa mishale. Mchawi anayerusha moto kutoka mbali hatazihisi sana.

Morrowind ya 2002 ilikuwa kali zaidi. Khajiit, wenye umbo la paka, na Argonian, wenye umbo la mjusi, hawakuweza kuvaa viatu wala helmeti zinazofunika uso wote, kwa sababu ya miguu na vichwa vyao. Umbo lako lilikunyima kinga ya miguu na ya helmeti nyingi. Wapo waliolichukia hilo. Mimi nalikumbuka kwa heshima, kwa sababu kuchagua mwili tofauti kulikuwa na gharama unayoihisi kila unapookota kiatu kizuri.

Gemu lililolichukulia suala la mwili kwa uzito kuliko mengine ninayoyajua ni Dragon's Dogma ya 2012. Pale mwili mzito unabeba mizigo mingi zaidi, mwepesi unarudisha pumzi haraka. Ukiunda mtu mdogo ukamjaza mizigo, utamwona akikokota miguu. Na si wewe tu. Gemu linakupa msaidizi unayemuunda kwa ukurasa uleule, ambaye wachezaji wengine wanaweza kumkodi mtandaoni. Huyo msaidizi ndiye unayemtazama usoni siku nzima, kwa sababu anatembea mbele yako, anageuka, anakusemesha. Ukicheza gemu hilo au la pili yake la 2024, ule muda wako mrefu wa pua na macho uupeleke kwa msaidizi. Kwa gemu hilo la pili, kampuni ya Capcom iliyolitengeneza ilitoa ukurasa wa kuunda wahusika bure kama programu ya peke yake siku chache kabla ya gemu kutoka, na watu wakaingia siku ya kwanza nyuso zao zikiwa tayari.

Elden Ring iko upande wa pili kabisa: unaweza kuwa wa rangi ya samawati na kichwa kikubwa kama mtungi, upanga utakata vilevile. Hapo cheza utakavyo.

Kuna na mfumo ambao nausikitikia kwamba haukufuatwa na wengi, ule wa mwili kubadilika kwa matendo. Katika Fable ya 2004, mhusika anazeeka, anabaki na makovu ya mapigano, na akiwa mwovu anaota pembe. Fable II ikaongeza chakula: ukila mikate ya nyama unanenepa, ukila seleri unapungua. The Witcher 3 ya 2015 haikuruhusu kuunda uso kabisa, ila ndevu za Geralt, mhusika wake mkuu, zinakua zenyewe kadiri siku zinavyopita hadi umpeleke kwa kinyozi. Mambo madogo hayo yanamfanya mhusika awe na historia mwilini, kitu ambacho kitelezi cha kovu, ulichokivuta kabla hata hajapigana, hakiwezi kukupa. Kama una ustahimilivu, jaribu hili katika gemu lolote lenye kioo: anza na mtu asiye na kovu wala rangi za vita, na uyaongeze yeye akiyapitia.

Hapo tumefika kwenye swali la mwisho, la kulichoka umbo katikati. Kabla ya kuanza gemu lolote jipya jiulize nini kinafungwa milele na nini kinabadilika. Mara nyingi nywele, vipodozi na tatuu vinabadilika, na jamii inafungwa. Elden Ring ina kioo kwenye Roundtable Hold, makao unayorudi kati ya safari, hakina malipo. Baldur's Gate 3 haikuwa na njia hiyo ilipotoka. Sasisho la tatu, Septemba 2023, likaweka kioo cha uchawi kambini, kinachobadilisha karibu kila kitu isipokuwa jamii na aina ya mwili. The Veilguard ina kioo chake, Nioh 2 inakuruhusu wakati wowote uko kwenye kibanda chako. Kwa Skyrim unahitaji nyongeza ya Dawnguard, ambayo matoleo ya baadaye yanakuja nayo. Nenda mji wa Riften, shuka kwenye baa ya Ragged Flagon, umtafute Galathil, mrekebishaji wa nyuso, na uwe na dhahabu 1,000. Ukicheza kwenye kompyuta kuna amri ya showracemenu, inayofungua tena ukurasa wa kuunda mhusika, lakini hifadhi mchezo kabla ya kuitumia na usiguse jamii, kwani kubadilisha jamii kunaweza kuvuruga ujuzi uliokwisha kuupata. World of Warcraft ina vinyozi tangu 2008. Final Fantasy XIV ina msusi wa kumwita, na baadhi ya mitindo lazima uipate kwanza kwa vitabu vinavyopatikana ndani ya gemu.

Halafu kuna yanayodai pesa halisi. Katika Monster Hunter: World ya 2018 na Monster Hunter Wilds ya 2025, nywele na vipodozi ni bure, lakini kubadilisha sura yenyewe kunahitaji vocha, ya kwanza unapewa, zinazofuata zinauzwa. Final Fantasy XIV inakupa chupa moja ya Fantasia ukimaliza hadithi ya mwanzo, inayobadilisha hata jamii, na nyingine zinanunuliwa. World of Warcraft inalipisha kubadilisha jamii. Dragon's Dogma 2 iliuza kitabu cha kubadilisha umbo siku ya kutoka, na wengi walikasirika, ilhali kitabu hichohicho kinapatikana ndani ya gemu kwa fuwele za kawaida. Msimamo wangu uko wazi: mtu aliyekwisha kununua gemu kwa bei kamili hapaswi kulipa tena ili arekebishe kidevu alichokichagua chini ya taa za studio. Kuliuza suluhisho la tatizo ambalo ukurasa wenyewe umelisababisha si haki, na nalisema hilo kwa gemu ninalolipenda sawa na nisilolipenda.

Kwa hiyo kwako, kama unaanza jipya na unajijua ni mtu wa kubadili mawazo, anza na Baldur's Gate 3 ikiwa unapenda kumwona mhusika usoni, au Elden Ring ikiwa unapenda mapigano na hujali uso kufichwa. Zote mbili zitakuvumilia. Ukiamua Monster Hunter, ile vocha ya bure usiitumie wiki ya kwanza. Muundie rasimu, mchezee hadi umwone mvuani, jangwani na usiku kambini, kisha keti na picha zako za skrini uandike vitelezi unavyotaka kuvigusa, ndipo uifungue.